Biashara ya Mapezi ya Papa na Hatima ya Bahari

Papa ni miongoni mwa wanyama wa kale sana walio hai duniani. Mababu zake walikuwa wakiogelea baharini zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, zama ambazo mijusi wakubwa waitwao dainosaria walikuwa bado hawajatokea, wala ndege, wala wanyama wanyonyeshao. Tangu wakati huo dunia imepatwa na misiba mikubwa iliyofuta aina nyingi za viumbe, na kila mara ukoo wa papa ulisalimika. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la kisayansi liitwalo Nature ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 2018 wingi wa papa na taa wa bahari kuu ulipungua kwa asilimia 71. Upungufu huo mkubwa umetokea katika muda ulio mfupi kuliko umri wa mtu mmoja.

Sababu yake kuu ni uvuvi uliopita kiasi, na miongoni mwa mambo yaliyouchochea uvuvi huo ni biashara ya kiungo kimoja cha mnyama huyu, nacho ni pezi. Makala haya yanaeleza pezi la papa ni kitu gani, kwa nini limepata thamani kubwa, na biashara yake inaidhuru bahari kwa njia gani. Aidha yanaeleza kwa nini sheria nyingi zilizowekwa ili kuizuia hazijapunguza idadi ya papa wanaouawa.

Mnyama asiye na mfupa

Wataalamu wametambua aina zaidi ya 500 za papa. Wadogo kabisa huweza kushikwa kwa mkono mmoja. Mkubwa kuliko wote ni potwe, ambaye huweza kupita urefu wa meta 12, naye hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Papa wote, pamoja na ndugu zao taa, hawana mifupa. Kiunzi cha miili yao kimejengwa kwa gegedu, yaani kitu kigumu kiasi, chenye kupindika, cha namna ile iliyo katika sikio la binadamu.

Samaki wengi wa kawaida, kama vile changu, hawafanani na papa katika jambo jingine pia. Changu ana kifuko cha hewa tumboni kinachomwezesha kuelea bila kutumia nguvu. Papa hana kifuko hicho. Husaidiwa kiasi na ini lake kubwa lililojaa mafuta mepesi, lakini msaada huo hautoshi. Ni lazima aogelee, na anapoogelea mapezi yake mawili ya kifuani humwinua, kama vile mabawa yainuavyo ndege. Pezi la mgongoni humzuia asibingirike, na mkia humsukuma mbele. Zaidi ya hayo, papa wengi wa bahari kuu hawawezi kupumua wakiwa wametulia. Hupata hewa kwa kuogelea mdomo wazi ili maji yapite katika matamvua.

Kutokana na maelezo hayo ni rahisi kufahamu linalompata papa aliyekatwa mapezi na kurudishwa majini angali hai. Hawezi kujiinua wala kusonga mbele. Huzama polepole hadi chini, na huko hufa kwa kukosa hewa, kwa jeraha lake, au kwa kuliwa na wengine.

Nyuzi zinazotafutwa

Ndani ya pezi zimo nyuzi nyembamba, ndefu na nyororo, zilizofumwa kwa protini ya jamii moja na ile inayounda ngozi na kano. Nyuzi hizo ndizo zinazotafutwa. Pezi hukaushwa juani, na baadaye hulowekwa, huchemshwa, huambuliwa ngozi na kutolewa gegedu, hata zikabaki nyuzi peke yake. Nyuzi hizo hutiwa katika supu. Zenyewe hazina ladha. Ladha yote hutokana na mchuzi wa kuku na viungo vingine. Sifa yake ni namna zinavyohisika kinywani.

Supu hii ni chakula cha zamani huko Uchina. Ilikuwa imekwisha kupata heshima katika enzi ya wafalme wa Ming, iliyoanza mwaka 1368 na kumalizika mwaka 1644. Kwa kuwa mapezi yalikuwa adimu, supu yake iliandaliwa kwa ajili ya wakubwa na matajiri, na baadaye ikawa alama ya kumtukuza mgeni katika karamu za harusi na za biashara. Mwenyeji aliyeikosa katika harusi ya mwanawe aliweza kuhesabiwa kuwa bahili, kama vile pwani ya Afrika Mashariki harusi isiyo na pilau isingehesabiwa kuwa harusi.

Mila hiyo haikuihatarisha bahari muda wote ambao walaji walikuwa wachache. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1978, Uchina ilipoanza kurekebisha uchumi wake. Mamilioni ya watu walipata kipato cha kutosha kununua chakula ambacho zamani kilikuwa cha wakubwa. Wakati huohuo meli za uvuvi zilikuwa zimepata injini zenye nguvu, mitambo ya kugandisha samaki, na mishipi yenye urefu wa makumi ya kilometa iliyofungwa ndoana kwa maelfu. Mahitaji makubwa yakakutana na uwezo mkubwa.

Soko kuu la mapezi ni Hong Kong. Katika mtaa wa Sheung Wan maduka ya vyakula vya bahari vilivyokaushwa yamepangana safu kwa safu, na kwa miaka mingi takriban nusu ya mapezi yote yaliyouzwa duniani yalipitia mjini humo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2011 nchi za dunia ziliingiza kwa wastani tani 16,815 za mapezi kila mwaka, zenye thamani ya dola milioni 377.9 za Kimarekani. Wanasayansi waliochunguza chembe za urithi katika vipande vya mapezi sokoni humo walikuta kwamba aina iliyo nyingi kupita zote ni papa wa buluu, lakini pamoja naye wamo papa wa aina nyingi zilizo hatarini, wakiwamo wale wenye kichwa mfano wa nyundo.

Kwa nini mwili hutupwa?

Huenda msomaji akashangaa kwamba mvuvi hutupa mnyama wa kilo mia na kubakiza mapezi ya kilo chache. Jibu limo katika damu ya papa.

Maji ya bahari yana chumvi nyingi kuliko damu ya samaki wa kawaida, na kwa sababu hiyo samaki hao hupoteza maji ya mwilini wakati wote, ikawabidi kunywa na kuchuja. Papa ametatua tatizo hilo kwa njia nyingine. Huhifadhi katika damu na nyama yake kemikali iitwayo yurea, ile ambayo wanyama wengine huitoa kwa mkojo, hata umajimaji wa mwili wake ukawa na ukolezi ulio karibu sawa na wa bahari. Papa akisha kufa, bakteria huigeuza yurea kuwa amonia. Nyama hutoa harufu kali, na ikiwa haikushughulikiwa upesi haifai kuliwa, tena huweza kuharibu samaki wengine waliowekwa pamoja nayo.

Kwa meli inayokaa baharini miezi kadhaa ikitafuta jodari, hesabu ni nyepesi. Jodari ana bei nzuri. Mwili wa papa una bei ndogo, unajaza chumba cha barafu na kuleta uvundo. Mapezi, kwa upande wake, ni mepesi, hukauka upesi, hayaozi, na bei yake kwa kilo hupita bei ya nyama mara nyingi. Hivyo ndivyo ilivyoanza desturi ya kukata mapezi na kuutupa mwili. Wakaaji wa pwani ya Bahari ya Hindi walikuwa na ufumbuzi wao tangu zamani: walimpasua papa, wakamtia chumvi na kumkausha.

Hesabu ya uzazi

Ili kuelewa uzito wa jambo hili ni lazima kuangalia jinsi papa anavyozaa. Jodari jike hutaga mayai kwa mamilioni, na aina kadhaa za jodari wadogo huanza kuzaa kabla hawajatimiza miaka 2. Papa hafanyi hivyo. Wengi hubeba mimba kwa muda wa miezi 9 hadi 12 au zaidi, na huzaa watoto wachache waliokwisha kukamilika. Yuko papa aitwaye kitaalamu Carcharhinus obscurus, ambaye mapezi yake yanathaminiwa sana sokoni. Huyu huanza kuzaa akiwa na umri wa takriban miaka 20, na kila mimba hutoa watoto kati ya 3 na 14. Papa mweupe mkubwa jike wa Bahari ya Atlantiki hukadiriwa kufikia umri wa kuzaa akiwa na takriban miaka 33.

Chukua mfano wa bahari mbili. Katika kila moja wamezaliwa samaki majike 100, na katika kila moja uvuvi unaondoa samaki 1 kati ya kila 10 kwa mwaka. Vifo vya sababu nyingine visihesabiwe. Katika bahari ya kwanza samaki hukomaa kwa miaka 2. Watakaofikia umri wa kuzaa ni 81. Katika bahari ya pili samaki hukomaa kwa miaka 20. Watakaofikia umri huo ni 12 tu. Uvuvi ni uleule, ndoana ni zilezile, lakini jamii moja inaweza kuendelea na nyingine inakwisha. Papa yumo katika bahari ya pili. Ubaya zaidi ni kwamba mara nyingi wote wawili, papa na jodari, wamo katika bahari moja na hunaswa kwa mshipi mmoja. Jodari akiendelea kupatikana, meli inaendelea kuja, hata kama papa amebaki mmoja mmoja.

Uchunguzi wa mwaka 2013 uliweka jambo hili katika takwimu. Ulikadiria kwamba papa wapatao milioni 100 walikuwa wakiuawa kila mwaka, yaani kati ya asilimia 6.4 na 7.9 ya papa wote. Lakini uwezo wa wastani wa papa kujiongeza kwa kuzaa ulikuwa asilimia 4.9 kwa mwaka. Mkulima anaelewa hesabu hii bila kufundishwa: anayekula zaidi ya anachovuna anakula mbegu.

Bahari bila papa

Je, papa wakipungua bahari inapata hasara gani? Hapa inafaa kuwa na tahadhari, maana yamesemwa mengi kuliko yaliyothibitishwa. Mwaka 2007 ilidaiwa kwamba kupungua kwa papa wakubwa katika pwani ya mashariki ya Marekani kumewafanya taa wa aina fulani waongezeke, nao wakala kombe hata uvuvi wa kombe ukafa. Habari hiyo ilienea sana, na watu wakahimizwa kuwavua taa hao. Mwaka 2016 wanasayansi wengine waliipitia upya hoja hiyo na kukuta kwamba tarehe zake hazilingani. Zaidi ya hayo, taa hao huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na hawakuweza kuongezeka kwa kasi iliyodaiwa.

Ushahidi ulio imara zaidi umetoka katika ghuba iitwayo Shark Bay, magharibi ya Australia, katika Bahari hiihii ya Hindi. Humo mna mashamba makubwa ya majani ya bahari, ambayo ni malisho ya nguva na kasa. Mna pia papa wenye milia waitwao kitaalamu Galeocerdo cuvier. Wachunguzi waliofanya kazi huko kwa miaka mingi walikuta kwamba nguva na kasa hawali popote wapendapo. Papa wakiwapo, wanyama hao huyaepuka maeneo yenye hatari hata kama malisho yake ni mazuri. Hivyo papa huyalinda majani hata pasipo kumkamata mnyama, kwa kuwatisha tu. Mahali pengine, kama vile visiwa vya Bermuda, kasa waliolisha bila hofu wameonekana wakiyamaliza majani kabisa. Na majani hayo ndiyo makazi ya samaki wachanga na kamba, ndiyo yanayoshika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na chini yake imehifadhiwa hewa ukaa nyingi.

Papa, basi, si adui wa wingi wa samaki. Katika sehemu nyingi yeye ni sehemu ya utaratibu unaofanya wingi huo uwepo.

Sheria na mipaka yake

Nchi nyingi zimechukua hatua. Marekani ilipiga marufuku ukataji wa mapezi baharini kwa sheria ya mwaka 2000, na Jumuiya ya Ulaya ikaweka kanuni yake mwaka 2003. Kanuni nyingi za mwanzo zilifuata kipimo cha uzito: meli iliruhusiwa kushusha mapezi yasiyozidi asilimia 5 ya uzito wa miili. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, ilikifuata kipimo hicho mwaka 2005.

Kipimo hicho kilikuwa na mwanya. Chukua meli iliyoshusha tani 20 za miili. Inaruhusiwa tani 1 ya mapezi. Lakini ikiwa kwa aina ya papa wale, na kwa namna walivyokatwa, mapezi yao ni asilimia 2.5 tu, miili ile imetoa nusu tani. Nusu tani ya pili yaweza kujazwa kwa mapezi ya papa wengine, ambao tani 20 za miili yao zimetupwa baharini. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa zimeamuru kwamba papa afike pwani mapezi yakiwa yameshikamana na mwili. Ulaya ilifanya hivyo mwaka 2013, na India mwaka huohuo.

Mahitaji nayo yamepungua huko kwenye chimbuko lake. Mwaka 2006 mcheza mpira wa kikapu mashuhuri, Yao Ming, alianza kuwaomba Wachina wenzake waiache supu hiyo. Mwaka 2012 serikali ya Uchina ilitangaza kwamba itaiondoa katika karamu zake, na mwaka uliofuata serikali ya Hong Kong ilifanya vivyo hivyo. Biashara, hata hivyo, haikukoma. Mwaka 2020 maofisa wa forodha wa Hong Kong walikamata makontena mawili kutoka Ekuado yaliyokuwa na tani 26 za mapezi, kutoka kwa papa wapatao 38,500.

Ikiwa sheria zimeongezeka na walaji wamepungua, ilitazamiwa kwamba vifo vitapungua. Havikupungua. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 katika jarida la Science ulikadiria kwamba papa waliouawa kwa uvuvi waliongezeka kutoka milioni 76 mwaka 2012 hadi milioni 80 mwaka 2019, na takriban milioni 25 kati yao walikuwa wa aina zilizo hatarini. (Makadirio haya yamefuata njia tofauti na yale ya mwaka 2013, na hayafai kulinganishwa moja kwa moja.) Katika bahari kuu vifo vilishuka kwa asilimia 7, lakini karibu na pwani vilipanda kwa asilimia 4.

Maelezo yake ni kwamba sheria nyingi ziliangalia namna ya kukata pezi, hazikuangalia idadi ya papa wanaokufa. Mvuvi aliyelazimishwa kuufikisha mwili mzima pwani aliutafutia soko, na soko likapatikana. Kati ya mwaka 2000 na 2010 biashara ya nyama ya papa na taa duniani iliongezeka kwa asilimia 42, na Brazili ikawa mnunuzi mkubwa. Ukatili na upotevu umepungua, na hilo ni jema; lakini papa aliyeliwa mzima amekufa sawasawa na yule aliyetupwa. Hatua zilizoonekana kufanikiwa kwa kiasi ni zile zilizokataza kuvua papa katika eneo fulani, au kubakiza papa wa aina fulani melini.

Pwani ya Afrika Mashariki

Jambo hili linazihusu nchi za Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Kwa karne nyingi majahazi yaliyokuja kwa pepo za kaskazi kutoka Arabuni na Somalia yalileta Zanzibar, Lamu na Mombasa shehena za papa mkavu, na hadi leo papa mkavu wa nazi ni kitoweo kinachopendwa. Mvuvi wa pwani hii kwa kawaida hatupi mwili. Nyama huliwa au huuzwa sokoni, na mapezi humfikia mchuuzi anayeyasafirisha nje. Hivyo sheria inayokataza kutupa mwili haimgusi. Papa wanaonaswa katika jarife lake wanakufa kihalali, wakubwa kwa wachanga, na wachache mno kati yao huandikwa kwa aina zao.

Matokeo yameanza kuonekana. Uchunguzi wa mwaka 2020 uliotumia kamera zenye chambo katika miamba ya matumbawe 371 ya nchi na maeneo 58 haukuona papa hata mmoja katika karibu asilimia 20 ya miamba hiyo. Nchi na maeneo sita yalikuwa na hali mbaya kuliko yote, na Kenya ilikuwa mojawapo: katika saa zaidi ya 800 za kuchungulia huko kote, papa walioonekana walikuwa 3. Papa upanga, ambaye zamani alijulikana katika midomo ya mito na mikoko ya pwani, sasa ni mnyama wa masimulizi ya wavuvi wazee.

Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ujulikanao kwa kifupi CITES, umefungua njia. Mwaka 2013 uliingiza katika orodha yake papa wa kichwa cha nyundo wa aina 3 na wengine 2. Na katika mkutano wa Panama wa mwaka 2022 uliingiza jamii nzima ya papa ambayo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mapezi. Wakati huo biashara ya aina hizo haikukatazwa, ila nchi inayouza inatakiwa kwanza ithibitishe kwa njia ya kisayansi kwamba mauzo hayatahatarisha uhai wa aina hiyo.

Sharti hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Haiwezekani kuthibitisha kwamba uvuvi haudhuru pasipo kujua ni papa gani wanaovuliwa, wangapi, wa umri gani, na wapi wanakozalia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhesabu: katika kila diko, papa aandikwe kwa aina yake, apimwe urefu, na itajwe zana iliyomnasa. Kazi ya pili ni kuyatambua maeneo ya kina kifupi ambamo papa wachanga hukulia, ili nyavu zizuiwe humo walau kwa msimu. Kazi hizo hazihitaji meli kubwa wala mitambo ya gharama. Zinahitaji watu waliofunzwa, na wavuvi ambao ujuzi wao wa bahari umeheshimiwa na kuandikwa.

Pezi moja hukauka juani kwa siku chache, na huliwa kwa dakika chache. Papa aliyelitoa huenda aliogelea miaka 20 kabla hajazaa mara ya kwanza. Tofauti ya nyakati hizo mbili ndiyo tatizo lote la biashara hii, na hakuna sheria itakayolitatua isipoanza kwa kuuliza papa wangapi wanaweza kuondolewa baharini kwa mwaka, na kukomea hapo.